Mtungi gani wa gesi upande nao garini: kilo 3, 6 au 15?

Siku ya tatu Seronera, katikati ya hifadhi ya Serengeti, saa kumi na moja jioni, moto wa jiko ukageuka wa njano, ukanywea, ukazima. Maharage yalikuwa hayajaiva, maji ya kuoga ya wageni sita hayajabandikwa, na duka la gesi nililolijua mimi lilikuwa Karatu, ng'ambo ya pili ya Ngorongoro. Mpishi wa kambi ya jirani, kaka mmoja wa Moshi, alinisogezea mtungi wake wa akiba kabla sijamaliza kueleza. Nilikuwa nimepanda na mtungi mmoja tu wa kilo 15, nikiamini hauwezi kuisha kwa siku tano. Niliununua bila kuupima.

Miaka imepita tangu jioni ile. Nimeendelea kupika safari za kambi, na sasa mimi na mume wangu tuna gari letu wenyewe, Coaster tuliyoing'oa viti tukaweka vitanda viwili na meza ya jiko. Siku hizi watu wengi wanafanya hivyo: Land Cruiser yenye hema juu ya keria, Noah ya familia inayokwenda Mikumi kwa sikukuu. Na wote huniuliza swali moja, wanunue mtungi wa ukubwa gani. Mimi huwauliza kwanza: kati ya duka la gesi na duka la gesi, utakaa siku ngapi?

Ukubwa wa mtungi unafuata jibu hilo. Idadi ya siku za safari nzima si kitu. Unaweza kuzunguka wiki tatu kutoka Arusha hadi Mbeya na mtungi mdogo, kwa sababu kila siku ya pili unapita mji wenye wakala. Na unaweza kuumbuka ndani ya siku tatu ukiwa hifadhini.

Hesabu yenyewe iko hivi. Nyumbani, familia ndogo hukaa na mtungi wa kilo 6 wiki tatu hadi mwezi. Hesabu hiyo iache nyumbani. Kambini kuna upepo unaopeperusha moto pembeni ya sufuria, kuna baridi, na kuna maji ya kuoga. Maji ya kuoga ndiyo watu husahau. Ndoo ya lita 10, ukiipasha kutoka ubaridi wa jioni hadi vuguvugu la kuogea, hula gramu 40 hivi hali ikiwa shwari, na 60 au zaidi upepo ukivuma. Watu wanne wakioga, umeshachoma gramu 200, karibu sawa na chakula chao chote cha siku.

Mimi hubeba mizani ndogo ya ndoano, ile ya kupimia mizigo ya ndege, na kila asubuhi naupima mtungi. Watu wawili wanaopika mara mbili kwa siku hutumia gramu 150 hadi 200. Wanne hutumia 250 hadi 300 kwa chakula peke yake, na 450 hadi 500 wakitaka maji ya moto. Kundi la watu wanane, wageni pamoja na wahudumu, linakaribia kilo moja kwa siku. Chukua kiasi chako, zidisha kwa siku ambazo hutaona duka, halafu ongeza theluthi. Familia ya watu wanne inayoingia Ngorongoro na Serengeti kwa siku tano: nusu kilo mara tano ni kilo mbili na nusu, ukiongeza theluthi ni kilo tatu na ushee. Mtungi wa kilo 6 unatosha na kubaki. Wengi hushangaa hapo, maana walishajiandaa kununua mkubwa.

Theluthi ile si ya woga. Kambi ya Simba, juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, iko mita 2,300 hivi kutoka usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100. Maharage yanatokota na kutokota bila kulainika. Ndiyo maana wapishi wa Arusha huchemsha maharage na kande nyumbani kabisa, au hubeba sufuria ya presha. Halafu kuna baridi yenyewe. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani hugeuka mvuke hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani hukoma kutoa mvuke karibu na sifuri. Ukipika, propani hutangulia kutoka, na inayobaki chini ni butani kwa wingi. Kwa hiyo alfajiri ya baridi, mtungi ukiwa umebakiza kidogo, moto huwa mnyonge hata kama ukiutikisa unasikia kimiminika ndani. Gesi hiyo ipo, ila hutaipata mpaka jua litoke.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninaoupendekeza zaidi.

Nafasi ya kwanza: mitungi miwili ya kilo 6

Kwa gari la familia, au la watu wawili hadi watano, sijaona kinachoshinda hiki. Sababu kubwa ni kwamba unajua ulipo. Wa kwanza ukizima, umebakiwa na kilo 6 kamili, na unakuwa na siku kadhaa za kutafuta duka bila mashaka. Mtungi mmoja mkubwa hautoi onyo lolote. Unazima tu, kama wangu ulivyozima Seronera.

Sababu ya pili ni upatikanaji. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwisho wake, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 vijijini kwa bei ya ruzuku. Kwa hiyo ukifika mji mdogo wa wilaya, mtungi wa kilo 6 ndio utakaoukuta umepangwa nje ya duka. Ukijaa una uzito wa kilo 13 hivi. Naunyanyua mwenyewe, na mwanangu wa miaka kumi na tano anaunyanyua.

Mtungi huu una kasoro mbili. Ile burneli ya kufungwa juu ya mtungi inafaa kwa birika na sufuria ndogo. Ukitereka juu yake sufuria ya wali wa watu sita, kitu kizima kinakuwa kirefu na chembamba kama mnara, na ardhi ya kambi haiko sawa. Nunua reguleta, kile kifaa cha kufunga kwenye vali kinachopunguza msukumo wa gesi, na mpira, uweke jiko la chini lenye miguu mipana. Ya pili: ukiunganisha jiko lenye moto mkali sana, mtungi mdogo hupoa wenyewe, unaona umande umeushika nje, na moto unafifia. Punguza moto, au badilisha mitungi kwa zamu.

Nafasi ya pili: wa kilo 15 pamoja na wa kilo 6

Hii ni ya makundi. Watu wanane, jiko la plati mbili, maji ya kuoga kila jioni. Mtungi wa kilo 15 una mwili mkubwa, hivyo hustahimili moto mkali bila kupoa haraka. Gesi yake, ukigawanya bei kwa kilo, hutoka nafuu kidogo. Lakini ukijaa unakaribia kilo 30, na unahitaji mahali pake maalumu garini. Wa kilo 6 unakuwa wa akiba, na burneli yake inachemsha chai alfajiri bila kufungua jiko zima.

Nafasi ya tatu: wa kilo 6 peke yake

Kwa wikiendi, watu wawili au watatu, Mikumi au Lushoto au fukwe za Pangani, unatosha kabisa. Hakikisha tu umejaa siku ya kuondoka. Mtungi uliobaki nusu wa jikoni usiuhesabu kama mtungi.

Nafasi ya nne: wa kilo 15 peke yake

Nimeuweka chini ya mdogo kwa makusudi, na najua wapishi wenzangu wengi hawatakubaliana nami. Hoja yao ni kwamba una gesi nyingi. Ni kweli. Lakini ukivuja, ukiharibika vali, au ukiwa ulipunjwa dukani, huna kitu cha pili. Kilo 12 zilizogawanywa mara mbili ni salama kuliko kilo 15 zilizo mahali pamoja.

Nafasi ya tano: wa kilo 3

Mzuri kwa chai ya barabarani na kama akiba ya mtungi mwingine. Si kila duka linao, na kwa familia ya watu wanne wanaooga maji ya moto ni kazi ya siku sita. Vikopo vya gesi vya kutupa siviweki kwenye orodha kabisa. Ni ghali, na ukishatoka Dar es Salaam na Arusha kuvipata ni bahati.

Kuhusu friji ya gesi: hula takribani gramu 300 kila siku, usiku na mchana, yaani zaidi ya chakula cha watu wawili. Kama gari lina friji ya umeme wa volti 12 na paneli ya jua, tumia hiyo na gesi iachie jiko.

Kampuni ipi? Ile iliyo nyingi kwenye njia yako. Unaponunua mtungi unanunua na haki ya kuubadilisha, na wakala wa kampuni moja halazimiki kupokea mtungi wa nyingine. Kabla ya safari ndefu piga simu kwa mtu anayeishi kule uendako, umuulize mitungi gani imejaa pale sokoni. Ni simu ya dakika mbili. Na usidhani kila reguleta huingia kila mtungi; nunua reguleta pamoja na mtungi, uzifungue na kuzifunga palepale dukani. Anayevuka Namanga akumbuke kwamba Kenya mtungi mkubwa wa nyumbani ni wa kilo 13, si 15, na mtungi wako wa Tanzania usitegemee kuubadilisha huko. Beba gesi ya kukutosha kwenda na kurudi, au ukifika nunua meko, kama Wakenya wanavyouita ule mdogo wa kilo 6 wenye burneli juu.

Dukani, usiondoke bila kupima. Kwenye kola ya mtungi pameandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Jumlisha na kilo za gesi, na hiyo ndiyo namba inayotakiwa kusomeka kwenye mizani. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, inamtaka kila muuzaji awe na mizani dukani, kwa hiyo kuomba kupimiwa si kumdharau mtu. Ule mtungi wangu wa Seronera, niliporudi nikapiga hesabu ya nilivyopika, ulikuwa na pungufu kubwa mno kuwa bahati mbaya. Angalia lakiri haijaguswa. Angalia kipete cha mpira ndani ya vali, maana kikikatika gesi itavuja hata ukikaza namna gani. Ukishafunga reguleta, paka povu la sabuni kila kiungo, na usitumie kiberiti kujaribu.

Kuna wanaojaza mtungi mdogo kutoka mkubwa, kwa mpira, uani. Usinunue kwao hata kama ni nusu bei. Mtungi hujazwa kwa kuacha nafasi ya juu, ili gesi ipate pa kutanukia jua likiwaka, na mtu wa uani hana njia ya kujua amefika wapi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, Embakasi jijini Nairobi, watu walikufa na nyumba zikaungua kwa moto wa gesi uliotokea kwenye eneo la kujazia lililokuwa limenyimwa kibali.

Garini, mtungi husimama. Ukilala, kimiminika hukimbilia kwenye vali, na utakapowasha jiko moto utaruka. Ufunge kwa mkanda kwenye kona au ndani ya sanduku lenye matundu sakafuni, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, miguuni mwa watu waliolala. Vali ifungwe kabla gari halijaondoka, kila mara, hata kama ni mwendo wa dakika kumi. Na jiko lisigeuzwe hita usiku ndani ya gari au hema lililofungwa. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Baridi ya Ngorongoro dawa yake ni blanketi la pili.

Mwezi wa sita tunakwenda Katavi, sisi wawili na watoto wawili, kwa njia ya Singida na Tabora. Mitungi miwili ya kilo 6 imeshapimwa, na uzito wa kila mmoja nimeuandika kwa chaki ubavuni. Wa kwanza tutaubadilisha Tabora hata kama haujaisha. Wa pili utakaa na lakiri yake mpaka Mpanda, na pale nitapima tena kabla hatujaingia hifadhini.