Gego la utoto kusafishwa mizizi: yaliyotukuta

Mwanangu ana miaka 6. Wiki mbili nzima alikuwa akiamka usiku huku kashika shavu, na nilipomfunua kinywa nikaona kijipu kwenye fizi, kando ya gego la pili la chini. Nilikwenda kliniki nimeshakata shauri: ling'olewe. Si la utoto, litatoka lenyewe?

Daktari hakunibishia. Alinionyesha picha ya eksirei akaniuliza gego hilo hutoka mtoto akiwa na umri gani. Sikujua. Kumbe hukaa hadi miaka 10 au 12, na likiondoka mapema lililo nyuma yake husogea na kubana nafasi ya jino la ukubwani. Nikanywea, nikakubali lisafishwe mizizi badala ya kung'olewa.

Sindano ya ganzi ndiyo iliyomliza, basi. Kisha jino likazungushiwa kipande cha mpira, mate yasiingie na dawa isimwagikie kooni. Nilifurahi kuuona mpira huo, maana dawa ya kuoshea mizizi ni ya jamii ya ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Mifereji ya meno haya ni myembamba, imepinda na ina vichochoro, na kuisafisha kwa mkono kunachukua muda. Daktari alitumia tupa za mashine, nyembamba kama sindano, zinazojizungusha zenyewe. Kwa mtoto asiyeweza kutulia kinywa wazi, hapo ndipo huduma hii ilipostahili sifa. Mwanangu alianza kuchezacheza miguu wakati kazi inaishia.

Nilidhani wataujaza mzizi kwa kile kitu kigumu nilichowekewa mimi. Hapana, ni dawa laini kama uji mzito, inayoyeyuka polepole mzizi unapopungua, jino jipya lipate njia. Harufu yake kali tuliinusa mpaka nyumbani.

Lawama yangu ni moja. Hakuna aliyenitajia kofia ya chuma ya kulivika jino mpaka nilipoiona mezani, inang'aa kama kijiko. Najua inalinda gego lisivunjike, lakini mzazi huambiwa kabla.

Miezi 6 imepita. Kijipu hakijarudi, usiku analala, na picha ya pili inaonyesha mfupa chini ya jino unajijenga tena. Kofia niliyoichukia mimi, yeye anawaringishia wenzake. Juzi kaniuliza kama gego la upande wa pili nalo haliwezi kuvalishwa.