Mfuko wa kuzunguka nao msimu wa punguzo: nunua unaosimama wenyewe

Kila msimu wa punguzo unapoisha naletewa malalamiko, na mengi si ya bei wala ya saizi za viatu zilizowahiwa na wengine. Watu wanalia na mifuko. Msomaji mmoja aliutua wake kando ya kiti, mfuko wa nailoni, mzuri, wa pesa nyingi, ndani ya mkahawa uliofurika saa ya chakula cha mchana. Alipoinua menyu tu, mfuko ukalala. Chupa ya manukato ikachomoka, ikabingirika hadi chini ya meza ya jirani na kugota kwenye kiatu cha mtu asiyemjua. Akapiga magoti, akaomba radhi akiwa chini ya meza, huku mhudumu amesimama nyuma yake na sahani mbili za moto, hana pa kupita. Mwingine sweta lake jipya lilifyonza mchuzi sakafuni kabla halijavaliwa hata mara moja. Duka likakataa kulipokea tena, na hapo sina la kuwalaumu.

Kwa hiyo leo sisemi habari za rangi, wala idadi ya mifuko ya ndani, wala kama kompyuta inaingia. Hayo muuzaji atakumiminia bila kuulizwa. Mimi nauliza swali moja: ukiuachia mkono, unasimama?

Swali linaonekana dogo mpaka ukae mezani. Barabarani mfuko uko begani, dukani uko mkononi, nyumbani unautupa popote. Balaa liko katikati, pale mnapokaa kupumzisha miguu na kula. Migahawa ya kawaida ya mjini, ile ambayo huhitaji kuweka nafasi wala kuvaa tai, huishi kwa kubananisha meza. Haina chumba cha kutunza mizigo. Viti vingine ni stuli zisizo na mgongo. Ukiweka mzigo kwenye kiti cha pili, mhudumu atakuja kukiomba kwa adabu zote. Ukiutundika kwenye mgongo wa kiti, utakaa salama hadi utakapoinuka kwenda msalani, kwa sababu kilichokuwa kikikizuia kiti kisipinduke ni wewe. Kipo kishindo fulani ambacho kila mfanyakazi wa mkahawa anakijua bila kugeuka. Na wapo watakaoniambia mfuko uwekwe mapajani. Uweke, kisha ule supu, tuone.

Inabaki sakafu. Na sakafuni ndipo mifuko inapojulikana ipi ni ipi.

Vitu vitatu ndivyo vinavyosimamisha mfuko. Kwanza kitako: kiwe kipana, chenye pembe, na si pande mbili za kitambaa zilizokutanishwa na mshono mmoja chini. Pili ugumu wa kitambaa cha ubavuni. Tatu, kimo kisizidi upana kwa mbali. Wengi huangalia la kwanza tu, na hapo ndipo wanapoponzwa. Mfuko wenye kitako kipana na ubavu laini husimama ukiwa umejaa, kwa kuwa kinachousimamisha ni vitu vilivyomo. Ukiwa nusu unakunjika kiunoni na kumwaga. Sasa niambie, mchana, ukiwa umepita maduka mawili na bado matatu, mfuko wako unakuwa umejaa au nusu?

Hapa ndipo hasira yangu na wauzaji inapoanzia. Tazama picha zao mtandaoni. Kila mfuko umesimama wima kama askari wa gwaride. Ndani wamejaza karatasi za kukunjakunja, wakati mwingine na kipande cha kadibodi chini, na ukiletewa nyumbani karatasi zinatoka na uwima unatoka nazo. Wataandika lita, wataandika kilo, wataandika kwamba uzi ni imara. Hakuna anayeandika kama mfuko unasimama ukiwa mtupu. Dukani mambo ni rahisi zaidi: toa karatasi zote, weka vitu vyako viwili vitatu upande mmoja wa mfuko, uachie, kisha usukume kidogo kwa ncha ya kiatu kama mpita njia angefanya. Kuna wauzaji watakaokukodolea macho. Waache wakodoe. Mitano ifuatayo nimeipanga kuanzia ninaoupendelea zaidi.

1. L.L.Bean Boat and Tote

Sifichi, huu naupendelea, na ungekuwa na mpinzani wa kweli ningesema. Kampuni ilianzishwa Maine, Marekani, mwaka 1912, na mfuko wenyewe ulitoka mwaka 1944 ukiitwa Bean's Ice Carrier, yaani kibebeo cha barafu. Kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya barafu kwenye gari na kuvifikisha kwenye sanduku la kupozea chakula. Miaka ya 1960 ukarudi sokoni na mishikio ya rangi na jina la sasa. Mfuko uliozaliwa kubeba barafu haukuruhusiwa kulala, na mpaka leo haulali. Turubai lake ni zito, kitako kimewekwa tabaka mbili, na mikanda ya mishikio haikuishia juu bali imeshonwa ikishuka ubavuni hadi chini. Mikanda hiyo inafanya kazi ya mbavu. Ndiyo maana hata mtupu husimama na mdomo wazi, ukingoja.

Chukua saizi ya kati. Ile kubwa zaidi inavutia, lakini ukiijaza hutaiinua, na chini ya meza ndogo haiingii. Mishikio chukua mirefu, kwa sababu mifupi haipiti begani ukiwa na koti. Mirefu ina kasoro yake: ukiutua mfuko, huanguka pembeni na kunasa miguu ya wapita njia. Tumbukiza mmoja ndani ya mfuko, na ule mwingine pitisha mguu wako ndani yake. Anayetaka kuondoka na mfuko wako itabidi aondoke na wewe.

Una uzito hata ukiwa mtupu, hilo kweli. Haukunjiki ukaingia kwenye pochi. Mvua ikiupata unalowa, na turubai nene halikauki haraka. Wa mdomo wazi hauna cha kuzuia vidole vya watu kwenye msongamano, ila upo wenye zipu, na kama unapanda treni saa za jioni chukua huo. Na kwa vile nimewasifia, niseme na lililonikera: kwa miaka mingi walikuwa wakipokea bidhaa yao irudishwe wakati wowote, halafu Februari 2018 wakaweka ukomo wa mwaka mmoja na lazima risiti. Walisema kuna watu waliokuwa wakiitumia vibaya ahadi hiyo. Sikatai kwamba watu hao wapo. Lakini aliyeadhibiwa ni kila mtu.

2. Mfuko wa magurudumu, hasa wa Rolser

Najua wengine mnaona hivi ni vya bibi zenu. Bibi zenu walikuwa na akili. Rolser ni kampuni ya Hispania, na troli zake zina fremu ya chuma au alumini, kwa hiyo kusimama si suala. Mgongo unapona, bega linapona, na maboksi manne ya viatu yanaingia bila ugomvi.

Nimeuweka wa pili kwa sababu ya mkahawa tu. Unasimama, ndiyo, lakini unasimama njiani. Kati ya meza na meza pana nafasi ya nyonga moja, na troli inaijaza yote. Wahudumu huipiga teke kwa bahati mbaya, halafu huipiga tena, na ya pili sina hakika ni bahati mbaya. Ukitumia troli, kula mapema kabla ya msongamano, omba meza ya pembeni ukutani, na ugeuze magurudumu yaangalie ukuta. Ngazi za vituo vya treni sizitaji. Atakayezipanda na troli iliyojaa atazitaja mwenyewe.

3. Fjällräven Kånken

Ni mfuko wa mgongoni wa Wasweden, uliobuniwa mwaka 1978 kwa ajili ya migongo ya watoto wa shule. Una umbo la boksi, na nyuma una kipande cha sponji kinachochomolewa ukakikalia. Usikichomoe. Sponji hilo ndilo linaloupa mfuko uti wa mgongo, na ukiliacha husimama kuliko mikoba mingi ya mgongoni, ambayo hujilalia kifudifudi ukiigusa tu. Zipu inafungua uso mzima, kwa hiyo huchimbui kutafuta kitu.

Lakini ule wa kawaida ni lita 16. Boksi moja la viatu, basi, na kama mguu ni mkubwa hata hilo moja halitoshi. Unafaa kwa anayenunua vitu vidogo. Na tafadhali, uvue kabla hujaingia ndani ya mkahawa. Mtu mwenye mfuko mgongoni husahau kwamba amenenepa upande wa nyuma, akigeuka kusalimia glasi ya jirani inakwenda chini.

4. Longchamp Le Pliage

Huu ndio ulioleta malalamiko mengi, maana ndio mnaoununua. Ulitoka mwaka 1993, na wazo la kuukunja lilitokana na sanaa ya Wajapani ya kukunja karatasi, origami. Kwa kukunjika hauna mwenzake. Kwa kusimama ni masikitiko. Nailoni ni laini, kitako kipana kipo lakini hakina cha kukishikilia, na mfuko ukiwa nusu unajibwaga upande ulioelemewa. Pembe za chini nazo huchakaa na kutoboka kabla ya sehemu nyingine yoyote, kisa ni huko huko sakafuni. Kinachouokoa usishike mkia ni zipu ya juu: ukianguka, unaanguka na vyako vyote. Wengine wanakata kipande cha kadibodi au plastiki ngumu na kukilaza chini. Inasaidia. Ila mtu aliyelipa bei ile asingepaswa kukata kadibodi.

5. IKEA Frakta

Ule mkubwa wa bluu wa duka la samani la IKEA, lita 71, hubeba hadi kilo 25, plastiki ya polipropilini. Kwa kuhamia nyumba, kwa kufulia nguo, kwa kubebea mapazia, nautukuza. Una mishikio ya aina mbili, mifupi ya mkononi na mirefu ya begani, jambo ambalo mifuko ya mara ishirini ya bei yake imeshindwa kulifikiria. Mezani, hapana. Ukiwa nusu unaporomoka huku unachakarika, na mdomo unabaki wazi upana wa karai, unakaribisha kila kijiko kinachodondoka. Mwaka 2017 jumba la mitindo la Balenciaga lilitoa mkoba wa ngozi unaofanana nao sana, kwa bei ambayo sitaitaja hapa nisije nikaharibu siku ya mtu.

Nikishafika kwenye bei, acha niseme. Ile bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari mwekundu, umewahi kuiona yenyewe, kabla ya mstari? Umoja wa Ulaya uliliona hili, na tangu tarehe 28 Mei 2022 sheria yake inamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aoneshe bei ya chini kabisa aliyouza katika siku 30 zilizotangulia. Kwingine ambako hakuna sheria kama hiyo, sheria ni simu yako: piga picha ya kibandiko mwezi mmoja kabla, urudi nayo. Mfuko wenyewe ununue kabla ya msimu, sio ndani yake, maana ndani ya msimu zinazobaki ni rangi zilizokataliwa na kila mtu.

Halafu kuna hii tabia ya kuuziwa mfuko wa pamba kwenye kaunta, wenye nembo ya duka, kwa jina la kuokoa mazingira. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulitoa hesabu: mfuko wa pamba ya kawaida inabidi utumike tena angalau mara 52 ndipo ufikie ubora wa mfuko mwepesi wa plastiki kwa upande wa tabianchi peke yake, na mara 7,100 ukipima madhara yote waliyoyapima. Wewe una mingapi nyuma ya mlango? Tena haisimami hata mmoja. Ni pande mbili za kitambaa na mshono chini, ile niliyoisema mwanzo.

Wa akiba uwe nao, lakini wa kukunjika kweli. Baggu ya kawaida ya nailoni hubeba hadi pauni 50, yaani kilo 22 na ushei, na ikikunjwa inaenea kwenye kiganja. Inakaa ndani ya mfuko mkubwa mpaka mkubwa ujae, na chini haiwekwi. Mifuko ya bei chee ya kitambaa kisichofumwa, ile inayogawiwa kwenye matamasha na kuuzwa kando ya kaunta: mshikio hung'oka kwenye mshono, kila mara ule ule wa upande wenye mzigo. Wekea vitunguu.