Dirisha la pili lilinitia aibu mbele ya mama zangu

Sikuwa na nia ya kuandika. Lakini leo nimeisoma tena ile barua ya huduma kwa wateja ya maktaba hii ya grafiki, yaani msimbo wa kuchorea kwenye skrini ulioandikwa tayari na kuuzwa, na roho yangu haijatulia.

Programu yangu ni ya wakulima wa mwani wa Paje, Unguja. Kilimo hiki kwetu kilianza kibiashara mwaka 1989, na mpaka leo kinafuata bahari: wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana, ndipo akina mama wanaingia pwani kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Maji mafu, yasipokupwa sana, wanakaa. Nikataka madirisha mawili. Moja kwenye kompyuta yangu, lenye tarehe na vitufe. La pili kwenye projekta, lenye mchoro wa maji yakijaa na kupwa, mkubwa, auone hata aliyekaa nyuma kabisa. Maktaba hii ya grafiki niliilipia mwaka mzima kwa sababu tangazo lao linaahidi madirisha mengi bila taabu.

Dirisha moja linapendeza, siwezi kulinyima haki yake. Maji yanatembea kama maji.

Siku ya kuonyesha, chumba cha skuli kimejaa. Dirisha langu linachora, ukutani kiza. Nafunga, nafungua, kiza. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Mama yangu mdogo, aliyekuja kwa mguu unaomuuma, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, bado?" Nikasema bado kidogo. Nikasema hivyo mara tatu. Alasiri ikaadhiniwa, wakanyanyuka mmoja mmoja.

Usiku ule ule nikawaandikia, nikaeleza kila kitu, nikawapelekea na msimbo. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, mistari miwili: kwao madirisha mawili yanafanya kazi, na mimi nijifunze misingi kabla ya kupoteza muda wa watu. Hata salamu hamna. Mteja aliyelipa!

Basi nikajifunza. Maktaba hii imejengwa juu ya OpenGL, mfumo wa kuiamuru kadi ya grafiki ichore, na ndani ya maktaba hii kila dirisha lina konteksti yake, yaani daftari lake la hali ya uchoraji. Konteksti mbili zinaweza kuchangia picha na data ya pointi ukiziunganisha pale unapozifungua, lakini yale maelezo ya namna ya kuisoma data hayachangiwi, kila konteksti iundiwe yake. Mimi niliyaunda kwenye dirisha la kwanza tu. La pili likawa na pointi zote mkononi, lisijue zinasomwaje. Na OpenGL haipigi kelele. Kosa inaliweka, inangoja uliulize. Kazi ya kuuliza ni ya nani, kama si ya maktaba niliyoilipia? Mwongozo wao haukuligusa jambo hili hata kwa sentensi moja.

Mistari michache ya msimbo ilitosha. Kisha mchoro ukawa mzito, kwa kuwa madirisha yote mawili yalikuwa yakiingoja skrini ibadilishe picha, moja baada ya jingine. Badala ya picha 60 kwa sekunde nikabaki na 30 hivi. Nikaliacha moja tu lingoje, uzito ukaondoka.

Bamvu lililofuata nikarudi Paje. Ukuta mzima ukawa bahari. Mama mdogo akasimama, akaweka kidole pale maji yalipofika chini kabisa, akaanza kuwahesabia wenzake siku za kwenda pwani. Nilikaa kwenye benchi, koo limenikaba.

Kwa hiyo maktaba inafanya kazi, na ukishalijua hili la konteksti, nunua. Ndivyo nilivyotaka kusema. Lakini namfikiria kijana yuko Wete au Chake Chake, kule Pemba, peke yake, hana wa kumuuliza, anapokea mistari miwili ile na anaamini kweli yeye ndiye mjinga. Anaifunga kompyuta, hairudii tena kazi hiyo. Hapana. Msinunue, hata kwa dirisha moja.

Juzi nilikuwa naweka nyota tatu. Naweka moja.