Uzoefu Wangu: Canon AE-1 Mikononi mwa Fundi Saa wa Mji Mkongwe

Kamera ninayoizungumzia ni Canon AE-1, iliyotoka Japani mwaka 1976, yenye shata ya kitambaa, yaani mapazia mawili yanayofunguka na kufunga ili mwanga ufike kwenye mkanda, na kasi ya juu kabisa ya 1/1000 ya sekunde. Nimeirithi kwa ami yangu, ambaye alikuwa akipiga picha za harusi Unguja na Pemba, na ilinifikia ikiwa na maradhi yote ya kamera za umri wake zilizokaa pwani. Kila ikifyatuliwa ilitoa mlio wa kukwaruza, picha zake zilikuwa na mfuo mweupe, mfuniko wa betri ulikuwa umevunjika, na lenzi yake ya milimita 50 ilikuwa na ukungu ndani. Kwa kuwa nimekwisha kuitengenezesha na nimeitumia vya kutosha baada ya hapo, naona inafaa kueleza huduma niliyoipata, nilichokipenda na ambacho sikukipenda.

Zanzibar imekuwa na wapiga picha wa sifa, tangu A. C. Gomes katika karne ya 19 hadi Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Hata hivyo, leo ukiuliza Darajani au Mkunazini ni wapi panapotengenezwa kamera za mkanda, wengi watakuelekeza kwa mafundi simu. Mimi nilibahatika kuelekezwa kwa fundi saa, mzee mwenye kimeza chake barazani, na sasa sioni kwa nini mtu aanzie kwengine. Fundi saa ana bisibisi ndogo, mafuta mepesi, kioo cha kukuzia na, zaidi ya hayo, mazoea ya kukitazama kitu muda mrefu kabla ya kukifungua.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimwamini. Fundi wa kwanza niliyempelekea kamera hii, katika mji mwengine, aliishika bisibisi kabla sijamaliza kueleza. Alitumia bisibisi ya nyota ya kawaida, ilhali skrubu za kamera za Kijapani zimechongwa kwa kipimo chao cha JIS, ambacho mtaro wake hautofautiani sana kwa macho lakini unatosha kuifanya bisibisi ya kawaida iteleze na kukila kichwa cha skrubu. Nilirudishiwa kamera ikiwa na skrubu mbili zilizokuwa duara tupu, na mlio ule ule.

Mzee wa Mji Mkongwe, baada ya shikamoo na marahaba, aliiweka kamera kando akaomba vitu nilivyopiga nayo. Nikamtolea picha. "Mwanangu, mimi nataka kuona mkanda, si picha," akasema. Nikarudi siku ya pili na negativu, akaziinua kwenye mwanga wa mlango, na hapo nikaelewa alichokuwa akikitafuta. Ule mfuo haukuishia kwenye mpaka wa picha, bali ulipita hadi kwenye vitundu vya pembeni vya mkanda. Mwanga unaoingia kupitia lenzi hauwezi kufika kwenye vitundu hivyo, kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye mlango wa nyuma wa kamera. Na kwa sababu lenzi huipindua picha, mfuo unaoonekana chini ya picha hutokana na mwanga unaopenya juu ya mlango. Kabla hajagusa chochote alikuwa amekwisha kujua ni mfereji upi wa mlango uliooza sponji yake.

Sponji hizo, ambazo kazi yake ni kuziba mwanga usipenye mlangoni, ni ugonjwa wa karibu kila kamera ya miaka ya 1970. Zimetengenezwa kwa polyurethane, ambayo hulainika na kugeuka ulimbo mweusi, na joto na unyevunyevu wa huku havisaidii. Fundi aliukwangua ulimbo kwa kijiti cha mbao kilicholowanishwa spiriti, akawa mwangalifu mno karibu na kioo cha nyuma ya lenzi kinachoinuka kila unapofyatua, kwa sababu kioo hicho kimepakwa rangi ya kuakisi upande wa mbele na hukwaruzika hata kwa kitambaa laini. Kwenye mifereji aliweka uzi mweusi wa sufu badala ya sponji, upande wa bawaba akabandika kipande cha joho, na pale kioo kinapogonga juu ndipo tu alipotumia sponji mpya, maana pale panahitaji kitu cha kupokea kishindo. Nilikuwa na shaka na ule uzi, lakini mikanda niliyopiga tangu wakati huo, myengine katika jua kali la Paje, imetoka bila mfuo wowote.

Kuhusu betri sina mengi. AE-1 haifyatuki kabisa bila umeme, na inataka betri ya volti 6 aina ya 4LR44, ambayo dukani ni adimu. Fundi alipanga vidonge vinne vya LR44, vile vya kikokotoo, akavizungushia karatasi ngumu, na kamera ikaamka. Kutu ya kijani kwenye vishikizo vya betri aliiondoa kwa siki na kumalizia kwa spiriti. Mfuniko uliovunjika haukupatikana hadi leo. Nimeufunga kwa utepe, na wenye kamera hii wengi watanielewa, maana plastiki ile ni dhaifu tangu ilipotoka kiwandani.

Kilichonishangaza zaidi ni namna alivyoipima shata. Nyuma ya kimeza chake ana televisheni ya chogo, ya aina iliyojaa majumbani hapa kwa sababu Zanzibar ilipata televisheni ya rangi miaka ya 1970, miongo miwili kabla ya Bara. Haionyeshi stesheni yoyote siku hizi, ni chenga tupu, lakini chenga zinamtosha. Alitoa lenzi, akafungua mlango wa nyuma, akaielekeza kamera kwenye televisheni na kufyatua huku akichungulia kwa nyuma. Skrini ya chogo huchorwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na mapazia ya shata hii hukimbia kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa hiyo unachokiona ni ukanda wa mwanga uliokaa mshazari. Katika mfumo wa mistari 625 kila mstari huchukua sehemu 64 za milioni za sekunde, hivyo kwa kasi ya 1/1000 ukanda unapaswa kuwa na upana wa mistari 15 au 16. Akanipa na mimi nichungulie. Upande mmoja ukanda ulikuwa mpana kama inavyotakiwa, upande wa pili ulikuwa umebanwa hadi karibu kupotea, maana yake pazia la pili lilikuwa likilikaribia la kwanza njiani. Hapo nikajua kwa nini picha zangu za mchana wa jua zilikuwa zikitiwa kiza upande mmoja, jambo ambalo mimi nilikuwa nikilisingizia lenzi.

Nilitarajia akaze springi za mapazia. Alikataa, akasema kuwa springi zilikuwa nzima na kilichokuwa kikizuia ni mafuta yaliyokauka, na anayekaza springi anauficha uchafu tu hadi urudi ukiwa mkubwa zaidi. Alifungua kibati cha chini, akasafisha ncha za vigogo vinavyozungushia mapazia na kuvipa mafuta ya saa kwa ncha ya sindano. Kwa sindano ndefu zaidi alifikisha tone moja kwenye gia inayopunguza kasi ya kioo, ambayo ndiyo hulia kwenye AE-1 inapokauka, na ule mlio wa miaka ukakatika papo hapo. Wale wanaopuliza mafuta ya kopo ndani ya kamera wanafaa kujua kwamba mafuta hayo hutambaa hadi kwenye mapazia na sumaku za shata, na kuyaondoa huko ni kazi kubwa kuliko kosa la mwanzo.

Sasa kasoro, maana zipo. Lenzi haikurudi kuwa mpya. Ukungu ulikuwa umetanda katikati ya vioo, nyuzi kama za buibui, na ingawa aliusafisha kwa mchanganyiko wa amonia na haidrojeni peroksaidi, alama zilibaki pale ukungu ulipokwisha kuila rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Nikipiga kuelekea jua la magharibi pale Forodhani, picha hufifia. Mwanga ukiwa mgongoni mwangu sioni tofauti. Fundi aliniambia tangu mwanzo kuwa itakuwa hivyo, kwa hiyo silalamiki sana, lakini anayetarajia muujiza asiende. Kipimo cha mwanga nacho huzidisha mwanga wa picha kwa theluthi moja ya stopu (stopu moja ni mwanga maradufu). Hakutaka kukigusa, kwa hoja kwamba filamu ya negativu haidhuriki kwa kiasi hicho, na mimi nimejizoeza kuweka namba ya wepesi wa filamu kwenye 500 ninapotumia filamu ya 400. Nyaya na saketi hashughuliki nazo kabisa. Kamera ikifa upande huo atakurudishia bila kukutoza.

Linaloudhi ni muda. Hana siku anayokuahidi, hatoi risiti, na simu yake hupokewa na mjukuu ambaye hajui kitu. Kazi yote, pamoja na kuchonga upya skrubu zilizoharibiwa na yule wa kwanza, alinitoza shilingi 70,000, ambayo kwa kazi ile naiona ndogo. Usimpelekee kamera ukiwa na safari ya karibu, na nenda baada ya alasiri, maana asubuhi ana wateja wa saa na hatakusikiliza vizuri.

Aliniachia pia agizo moja ambalo nimelifuata: kuitupa ala ya ngozi ya ami, kwa kuwa ngozi hunywa unyevu na ndimo ukungu unamozaliana, na kuiweka kamera kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu, vikikaushwa kila vinapolowa. Ninayo lenzi nyengine, ya milimita 28, ambayo pete yake ya kulengea imekaza kwa kukauka grisi. Nilimpelekea mwezi wa Aprili akanirudisha nayo, akisema nimletee kusi ikianza kuvuma, kwa sababu yeye hafungui lenzi wakati wa masika na kufungia vioo pamoja na hewa ya mvua.