Kibanda cha vitabu vya mitumba, Mwanga Kigoma

Mwaka juzi nikiwa hoi kwa malaria, niliuona mwili wangu kitandani, mimi niko juu usawa wa dari. Nilimwona hata mama akikamua kitambaa kwenye beseni. Tangu siku hiyo natafuta wa kunieleza.

Kwenye kibanda kimoja hapa Mwanga nikakuta kitabu cha Sylvan Muldoon na Hereward Carrington cha mwaka 1929, kwa Kiingereza, shilingi 6,000. Muldoon anasimulia alivyotoka mwilini akiwa na miaka 12, na ule uzi unaofunga mwili wa nyota, yaani ule usioonekana anaosema hutoka na kuelea, na huu wa nyama. Uzi mimi sikuuona, lakini ile hali ya kuelea umelala chali, kaieleza vilevile! Nilitetemeka.

Muuzaji ni kijana mstaarabu. Aliniacha nisome kwenye benchi karibu saa nzima, mvua ilipoanza akavuta turubai. Ila kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa na hakuniambia, kwa hiyo fungua kitabu chote kabla ya kulipa.

Nimemwagiza chochote kuhusu Olaf Blanke, daktari wa Geneva aliyegusa ubongo wa mgonjwa kwa umeme, mgonjwa akajiona kutoka juu. Utafiti ulitoka 2002. Jina kaliandika kwenye daftari lake.