KA-BAR baada ya mwaka mmoja porini: kisu cha jeshi nilivyokibadilisha kikafanya kazi za nyuki na kuni

Habari zenu wadau. Hiki kisu nimekaa nacho mwaka na miezi kadhaa saivi na kimefanya kazi kweli kweli, kwahiyo naweza kukiongelea bila kubahatisha. Ni KA-BAR, ile ya kikosi cha Marine cha Marekani, shemeji yangu alikuja nayo likizo akaniletea, ilisafiri kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege maana la mkononi hawaruhusu kabisa. Ubapa una inchi 7, yaani karibu sentimita 18, mgongo unene wa milimita 4 na kidogo, uzito ni kama gramu 310. Mpini ni pete za ngozi zimepangwa moja juu ya nyingine zikabanwa mpaka zikawa ngumu kama pembe. Muundo huu ni wa mwaka 1942, vita ya pili ya dunia, na mpaka leo haujabadilika sana. Chuma chake ni cha kaboni, wenyewe wanakiita 1095 Cro-Van, sio kile kisichoshika kutu, na hilo ukae nalo kichwani maana ndo litakusumbua na ndo litakufurahisha.

Mjomba wangu anafuga nyuki huku Dodoma, njia ya Chenene, ana mizinga ya magogo juu ya mibuyu na mingine ya kisasa huku chini. Siku ya kwanza nimefika nacho, baada ya mbukwenyi, ile salamu ya Kigogo, na maji ya kunywa, akakichomoa kwenye ala, akakipima mkononi, akapitisha kidole gumba mgongoni, afu akaniambia "Mpwa wangu, hiki kimetengenezwa kwa ajili ya mtu, sio kwa ajili ya mti." Akakirudisha akachukua panga lake tukaenda.

Na alikuwa sahihi kabisa. Kisu cha jeshi kimefikiria mambo mengine. Pale ubapa unapokutana na mpini kuna kile chuma cha kuzuia mkono usiteleze, kimetoka juu na chini, ukitaka kuchonga kitu lazima kidole gumba kikae mgongoni mwa kisu na hapo hapo ndo kile chuma cha juu kinakukaba. Rangi nyeusi iliyopakwa ubapa mzima ina ukwaruzo fulani, ukikata masega nta inaganda juu yake kama gundi. Makali yenyewe yanakuja na pembe ya nyuzi 20 kila upande, mabega yake manene, kwenye mti mkavu badala ya kuingia yanadunda. Mgongo nao kona zake zimelainishwa, kwahiyo ukikwangua kile kijiti cha cheche cha kuwashia moto unapata cheche mbili tatu za kizembe basi.

Nikaanza na chuma cha juu. Hiki ni laini kuliko ubapa, unabana kisu kwenye jiliwa, ubapa umezungushia kitambaa na vibao viwili, unakata kwa msumeno wa chuma taratibu, afu unamalizia na tupa mpaka pawe duara panapokaa kidole vizuri. Cha chini niliacha, nakushauri na wewe uache, maana mkono ukiwa na asali hicho ndo kinakuzuia usiteleze kwenye makali. Kazi ya nusu saa tu na ndo imebadilisha kisu kuliko zote.

Sasa hapa ndo niwaambie kilichonikuta. Nilitaka mabega ya makali yapunguzwe, nikampelekea fundi mmoja wa kuchomelea hapa mjini, sitamtaja. Nikamuelezea vizuri, akaniambia acha kesho uje. Kesho nafika kisu kinang'aa, kimependeza, ila karibu na ncha makali yana rangi ya bluu kama sentimita 3 hivi. Aliweka grenda. Wadau, ile bluu sio uchafu, na hata ukiitoa kwa msasa tatizo linabaki maana haliko juu, ni chuma chenyewe kimeungua. Chuma cha kisu kikishakazwa kiwandani kinapashwa tena moto mdogo wa kipimo ili kisiwe cha kuvunjika kama kioo, ugumu wake unabaki palepale ilimradi usikipashe kuzidi ule moto. Grenda inapandisha joto kwenye makali membamba ndani ya sekunde, unaona kwanza rangi kama ya majani makavu, afu kahawia, afu zambarau, afu bluu, na ikifika bluu ujue umevuka nyuzi joto 280 huko na makali yamekuwa laini, unanoa asubuhi mchana yamejikunja. Niliumia sana, maana ni zawadi, na alifanya kwa nia njema, alitaka amalize haraka. Lakini kama hujamuona fundi akichovya chuma kwenye ndoo ya maji kila baada ya mguso mmoja wa jiwe, usimwachie kisu chako.

Nilichofanya, nikarudi nyumbani nikaanza kula ile sehemu kwa mkono kwenye jiwe la kunolea lenye almasi, jioni jioni baada ya kazi, karibu wiki tatu, mpaka milimita 2 hivi za bluu zikaisha na nikafika kwenye chuma kizima. Utajuaje umefika? Mimi nilitumia tupa mpya ya kunolea panga, kwenye sehemu laini inang'ata na kutoa unga, kwenye chuma kizima inateleza na kulia kama kioo. Ncha imekuwa fupi kidogo na imeshuka, kusema kweli kwa kazi za porini imekuwa bora zaidi, ile ndefu ya mwanzo ilikuwa nyembamba mno.

Kwa makali nikatumia njia ambayo haina joto kabisa. Chukua soli ya ndala ya zamani, gundishia juu yake msasa wa maji, anza na namba 220, afu 400, 800, mpaka 2000. Unalaza kisu unakivuta kinyume, mgongo ukitangulia, kamwe usisukume makali mbele utachana msasa na ndala. Kwa vile soli inabonyea, msasa unakumbatia makali na kuyafanya yawe na tumbo dogo la mviringo badala ya kona kali ya bega. Hayo makali yanaingia kwenye mti kama kabari na hayamegeki. Maliza kwa kupitisha kwenye mkanda wa ngozi. Inachukua muda ila mkono wako unaona kila kinachotokea.

Rangi nyeusi niliitoa na dawa ya kutolea rangi za magari, vaa glovu na kaa nje, mpini umeufunga nailoni vizuri usiloane maana ile ngozi ikinyonya dawa imekwisha. Afu nikachovya ubapa kwenye siki kwa saa moja, ukatoka kijivu cha moshi. Hicho kijivu ni kutu nzuri, inaziba njia kwa kutu mbaya ya rangi ya machungwa. Hapa Dodoma hewa kavu inatusaidia, kisu hakipati kutu ovyo kama kingekuwa Tanga, lakini asali ina tindikali, ukikata masega ukakiweka hivyo hivyo kesho unakuta vidoa. Mi nafuta kwa maji ya moto, nakausha, napaka tone la mafuta ya alizeti. Mpini naupaka nta yetu wenyewe iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, kiangazi zile pete za ngozi zikikauka sana zinaanza kulegea na kucheza.

Mgongo nilinyoosha kipande cha sentimita 4 tu karibu na mpini, msasa juu ya kioo cha dirisha, mpaka kona zikawa kali za kukwangua kucha. Sasa kijiti cha cheche kinamwaga moto. Usufi unashika mara ya kwanza au ya pili. Ila mwezi wa 8 na wa 9 majani yakiwa makavu vile tafadhali safisha ardhi hatua tatu kila upande kabla hujakwangua chochote, cheche moja tu inaweza kula kilima kizima na mizinga ya watu.

Ala ya kiwandani ni ngozi nzuri lakini inakaa juu, ukipanda bodaboda mpini unakuchoma mbavu. Fundi viatu mmoja pale Sabasaba alinitengenezea nyingine kwa elfu 18, ya kina, inameza nusu ya mpini, inaning'inia chini ya mkanda kwa kitanzi na inacheza na mguu ukikaa. Mshono wa nyuzi mbili, na upande wa makali ameweka ukanda wa ngozi ya ziada ndani ili kisu kisikate uzi. Hakuambiwa hilo, alilifikiria mwenyewe baada ya kukiangalia kisu. Huyu nampa tano kwa tano. Angalizo moja, usikiache kisu ndani ya ala ya ngozi wiki nzima, ngozi inavuta unyevu na ina chumvi za kulainishia, utakuta kimeota kutu humo humo.

Kazini je? Kuchonga vigingi vya hema na mwiko wa tawi la mkwaju lililoanguka, vizuri sana, kidole kinakaa mgongoni bila kukabwa. Kunyoa kijiti kikavu kikatoa nyuzi zilizojikunja za kuwashia moto, vizuri. Kuchuna magome ya mbuyu ya kusokotea kamba, vizuri mno, ile ncha iliyoshuka inapita chini ya gome bila kuchana nyuzi. Masega ndo usiseme, ubapa mrefu unafika mwisho wa mzinga na nta haishiki tena. Kupasua kuni kwa kugonga mgongo na gogo, hapo ngoja. Msuka wa kisu hiki, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, ni mwembamba, haujajaa mpini mzima. Kuni za unene wa kifundo cha mkono na ziwe za mti laini napasua bila shaka. Mgunga mkavu au mpingo siugusi, hapo nachukua panga, na wewe usijaribu.

Kwa mtu anayeanza kutoka sifuri nisingemwambia anunue hiki ili akibadilishe. Mora, yaani kile kisu cha Kiswidi, ni bei ndogo sana kwa kulinganisha na inachonga hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini kama tayari unacho, umeletewa au umerithi, na kimekaa kabatini kwa sababu umekiona hakifai, kitoe, chuma chake ni kizuri sana, kinachohitaji ni msumeno, msasa, ndala na jioni zako kama ishirini. Kisu chenyewe kama kilivyotoka kiwandani kwa kazi zetu nakipa mbili na nusu kwa tano, baada ya kazi nakipa nne. Ile moja naibana kwa sababu ya msuka.

Mwezi uliopita tumerina usiku, mjomba kanyoosha mkono juu ya ngazi bila kugeuka akasema "nipe kile cha mtu", nikampa, na hakukirudisha mpaka mizinga yote sita imeisha.