Safari ya ndege Chwaka: walinipeleka bahari imekauka

Mzanzibari gani asiyejua bamvua, yale maji yanayojaa sana na kukauka sana? Ndilo swali nililorudi nalo nyumbani na mpaka leo sijapata jibu.

Nililipa kampuni moja ya utalii safari ya siku nzima kwenda Chwaka, mashariki ya Unguja, kuangalia ndege wa pwani, wakati ule pepo za kusi zinamalizika, msimu wa demani unaingia, na ndege wa Siberia ndiyo kwanza wanafika. Mwezi ulikuwa mpevu. Kwetu mwezi ukiwa hivyo, maji hukauka kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Hilo hata mtoto anayechokoa pweza atakwambia. Nikawaandikia usiku ule: jamani, twendeni mchana, maji yakipanda ndipo ndege husogea. Wakanijibu kwa picha ya kidole gumba. Saa mbili u nusu asubuhi gari iko mlangoni.

Tulipofika, ghuba yote tope na majani, maji yamekimbilia huko mwambani, ndege ni vidoa vyeupe mbali kabisa. "Wale ndege gani?" nikauliza. "Yangeyange," akasema muongozaji, hata darubini hajainua. Wageni wawili tuliofuatana nao wakaandika kwenye madaftari yao. Yangeyange!

Darubini nzuri walipewa wao. Mimi nikakabidhiwa moja mkanda wake umefungwa kwa mshipi wa kuvulia, kioo cha kushoto kimeota ukungu, nikawa naangalia kwa jicho moja kama anayelenga bunduki. Nilipolalamika ndipo yakatoka maneno yaliyoniudhi kuliko yote: "Bwana we, wewe si mwenyeji? Ndege hawa unawaona kila siku, leo umekuja kuwahesabu?" Na kicheko juu yake. Papasi wa mjini, wale wanaowafuata watalii wawauzie safari, anakuganda, lakini walau hakucheki ukishamlipa.

Saa sita akatangaza tumemaliza. Nikasema siondoki. Akasema gari inaondoka. Ikaondoka.

Nikakaa chini ya mkoko na hasira zangu. Akapita bibi mmoja, ndoo ya chaza kichwani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniangalia ile darubini. "Wawatafuta ndege? Basi usisogee, mwanangu. Maji yatakuletea."

Wallahi yaliniletea. Yakaanza kuingia taratibu, yakajaza kwanza nyayo zetu za asubuhi, kisha vijito vya topeni, na kila yakipanda ndege nao wanarudi nyuma, wanakuja upande wangu. Vitwitwi makundi kwa makundi, wengine bado wana wekundu kifuani, vazi la kuzalia ambalo hawajamaliza kulivua. Sululu na midomo yao iliyopinda. Na wale "yangeyange" sasa: mwili mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi umechongoka kama kifuo cha nazi. Yangeyange wa wapi! Hawa ni wala kaa, wataalamu huwaita Dromas ardeola, ndege wanaochimba mashimo mchangani huko pwani za Uarabuni ili watage humo, kisha wanakuja kwetu. Mmoja alisimama hatua kama ishirini nami, akamdunga kaa mdogo, akamkung'uta, akammeza na miguu yake. Wala sikuhitaji darubini. Na wale wageni masikini wako hotelini, daftari limeandikwa yangeyange.

Hapo nilishaamua: nyota moja, na hiyo kwa vile sifuri haipo.

Lakini jioni, nainuka nikatafute daladala, naiona gari ile ile inarudi. Dereva peke yake, kijana mkimya ambaye asubuhi sikumsikia hata akikohoa. "Kaka, nimeona tumekuacha vibaya." Hakutaka hata senti. Nikamwonyesha ndege walivyojipanga kwenye ukanda wa mchanga, wote wameelekea upepo, naye akaganda na kile kioo kimoja kizima cha darubini mpaka magharibi ikaadhiniwa. Huyu anastahili tano. Kwa ajili yake basi, naipa kampuni tatu.

Halafu nakumbuka kwamba elfu hamsini niliyotoa ilikuwa "pamoja na chakula cha mchana", na pilau yangu iliondoka na gari saa sita. Mbili. Darubini yao mbovu bado iko kwangu. Wakiitaka, waje na pilau.